Mistari Miwili ya Ndani

Tulimzika yaya Feli, yaani dada Feli kwa lugha ya kwetu, siku ya Jumatano, na Alhamisi nilirudi mtaani kwake Kasungami kukaa na watoto wake. Walikuwa wamepanga viti vya plastiki kuzunguka uwanja, na mtu fulani alikuwa amefunika cherehani yake kwa kitenge, kama wanavyofunika kioo mahali pengine. Binti yake mkubwa, ambaye sasa naye ana wajukuu, alinishika mkono akaniomba niseme machache juu ya mama yake mbele ya watu. Nikasimama, nikasema alikuwa fundi mwenye mikono mizuri, nikasema tulijuana tangu ujana, kisha sauti ikakatika na wakanionea huruma, wakanikalisha. Walidhani ni machozi ya msiba tu. Kwa kweli nilikuwa nimefika kwenye sehemu ya habari ambayo sijawahi kuisema yote hadharani, nami ni mwanamke niliyepita miaka sitini, mwalimu mstaafu ambaye kwa maisha yake yote aliwaambia watoto waonyeshe kazi yao, mstari kwa mstari. Basi nitaionyesha yangu hapa. Ni habari ya mwaka mmoja tu, mwaka niliorudia darasa, nilipokuwa na miaka kumi na sita.

Namna nilivyofika mtaa wa Bel-Air haina maana kubwa. Itoshe kusema nililala katika chumba cha nyuma cha Mama Klemansi, mshonaji, kwa sababu shule ilikuwa karibu na kwa sababu yeye alikubali kunilisha nikimsaidia mchana. Chumba kile kilikuwa na dirisha moja dogo lililotazama ukuta wa jirani, kitanda cha chuma, na marobota ya vitambaa hadi darini, kiasi kwamba nililala nikinusa wanga wa nguo mpya. Mbele ndiko ilikokuwa karakana: cherehani mbili za kukanyaga kwa mguu, meza ndefu ya kukatia, pasi ya makaa, na sakafu ya saruji iliyong'aa kwa miguu ya wateja. Mama Klemansi alikaa kwenye cherehani ya dirishani. Yaya Feli alikaa kwenye ile ya mlangoni. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mpole, na alikuja kwa miguu kutoka Kasungami kila asubuhi na mkasi wake mwenyewe umefungwa katika gazeti. Alikuwa ameacha shule mapema sana. Namba alizijua kwa utepe wa kupimia, lakini mara nyingi hata utepe aliuacha. Alichukua uzi, akaulaza juu ya ukingo wa kitambaa, kona kwa kona, akiukandamiza kwa kidole gumba pale ukingo ulipopinda, kisha akaunyoosha na kuuweka kando. Huo uzi ndio ulikuwa jibu lake.

Saa saba tulikula pamoja, sahani moja ya bukari, ugali wetu, na moja ya sombe, majani ya muhogo, na siku nzuri samaki. Hapo ndipo nilipojivuna. Nilikuwa nimeanguka hesabu mwaka uliopita, nikiwa mkubwa kuliko wote darasani, na aibu ile niliibeba kama mzigo. Kwa hiyo kila kitu kidogo nilichokielewa nilikileta mezani. Mwezi ule tulikuwa tumefika kwenye duara. Niliwaeleza kwamba huhitaji kuzungusha kitu chochote: ukijua upana wa duara katikati, unazidisha kwa tatu nukta kumi na nne, basi, umepata mzunguko wake. Mama Klemansi alicheka, akaonyesha kalamu yangu, akasema, "Ao Mado, weye utatushonea na bic." Lakini yaya Feli aliacha kula. Aliuliza, "Duara yote? Hata ya sahani, hata ya kisima?" Nikamwambia yote. Akatikisa kichwa polepole, akaitazama ile sahani ya bukari kana kwamba ilikuwa imemficha jambo miaka yote hiyo. Nakumbuka nilifurahi sana kuwa mimi niliyemwonyesha. Sikujua furaha ile ilikuwa na sumu ndani yake.

Kabla ya sikukuu ya Mwili wa Kristo, kamati ya akina mama wa parokia ilileta kazi. Walitaka kitambaa kipya cha meza ya kupumzikia maandamano, pale padri anapoweka Sakramenti katikati ya njia. Umbo lake lilikuwa hivi: katikati kipande cheupe cha mstatili, urefu mita mbili, upana mita moja, na kila mwisho, kwenye upana, nusu duara jekundu lililoshonwa hapo. Kuzunguka kitambaa chote yalipaswa kushonwa matamvua ya rangi ya dhahabu, sisi tulisema frange, ambayo mtawa mmoja aliyekwenda likizo kwao alikuwa ameyanunua huko na kuwakabidhi akina mama yakiwa kwenye roli. Hapakuwa na nyingine kama hiyo mjini. Mtawa alisema itatosha na itabaki kidogo, kisha akahamishiwa mbali. Wiki hiyohiyo Mama Klemansi aliitwa kwao Lukafu, mama yake alikuwa mgonjwa sana. Alipanda lori la mahindi na kifurushi kimoja. Alituambia mlangoni, akinionyesha daftari la wateja, "Feli atashona. Mado ataandika mu kayé. Musigombane." Wakati ule simu za mkononi hazikuwepo, mtu akienda Lukafu, alikuwa Lukafu.

Yaya Feli alikata vipande vitatu vya karatasi vya kufuatia, yaani patroni, mstatili mmoja na nusu duara mbili, akavitundika ukutani kwa msumari. Mimi nilikaa na daftari langu. Hakuna aliyeniomba kupiga hesabu. Nilichora umbo lile, nikaandika: mstatili, mita mbili na mita mbili, mita moja na mita moja, jumla mita sita. Nusu duara mbili ni duara moja zima, upana mita moja, mzunguko mita tatu na sentimita kumi na nne. Jumla, mita tisa na sentimita kumi na nne. Nilipigia mstari chini mara mbili kwa rula. Kisha nikapima frange. Ilikuwa mita saba na nusu. Nikapima tena. Mita saba na nusu.

"Yaya, frange haitoshi," nikasema.

Hakuinua hata macho kutoka kwenye sindano. "Itatosha. Miye nimeangalia patroni. Itatosha na itabakia."

Ningeliacha hapo tungekuwa salama. Lakini mchana huo mwenyekiti wa kamati, ambaye wote tulimwita Mama Prezidenti, alipita na wenzake wawili kuangalia kazi. Alikuwa mwanamke mrefu, mjane, ambaye mtaa mzima ulimtegemea kwenye misiba na harusi. Aliuliza kazi imefika wapi, nami nikampa daftari langu. Alisoma ile namba iliyopigiwa mistari miwili. Akaomba frange ipimwe mbele yake. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kabisa, "Mita moja na nusu na zaidi. Iko wapi?"

"Njo hii yote muliniletea," yaya Feli akajibu. "Sikukata hata kidogo."

Mmoja wa wale wawili akasema, akiangalia mlangoni kana kwamba hasemi na mtu, kwamba mtoto wa Feli atapata komunyo mwaka huu, na gauni la komunyo linahitaji pambo. Yaya Feli alisimama. Mikono yake ilikuwa imeshika hewa. "Muniache nipime na uzi," akasema. "Dakika moja tu. Nilalishe bipande apa chini, nipitishe uzi, mutaona." Mama Prezidenti alinigeukia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nimevaa sare ya shule. Aliniuliza kama kuna haja ya uzi. Nami nikasema maneno ambayo nimeyasikia usiku mwingi tangu hapo: "Hapana, mama. Hesabu ni hesabu."

Walichukua roli, wakachukua na kitambaa. Yaya Feli hakulia wala hakupiga kelele. Alifunga mkasi wake katika gazeti, akavuta kiti chake hadi chini ya cherehani, sawasawa, kama mtu anayeondoka kwenye nyumba ya wageni, akatoka. Hakunitazama. Nilibaki na vile vipande vitatu vya karatasi vikitikisika ukutani.

Siku zilizofuata nilikula peke yangu. Nilipika bukari kidogo mno au nyingi mno, sikuwahi kupata kiasi. Wateja walikuja wakakuta cherehani zimefunikwa. Asubuhi moja nikiwa kwenye foleni ya maji nyuma ya wanawake wawili, nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, "Ule mwenye kuiba frange ya kanisa, mutoto wake bamemutosha ku batoto ba maua." Yaani yule msichana, aliyekuwa amefanya mazoezi mwezi mzima atangulie maandamano akimwaga maua, walikuwa wamemtoa kwenye mstari. Mwenzake akasema ni haki, mtoto asingeweza kutembea mbele ya Sakramenti na mama mwizi. Nilijaza ndoo yangu. Nilijiambia kwamba kama yaya Feli hakuiba, basi mtawa alikosea, na hilo halikuwa kosa langu. Niliishika hoja hiyo kwa nguvu siku nane.

Siku ya tisa mwalimu wetu wa hesabu alirudisha kazi. Aliitwa Monsieur Kasongo, kijana aliyevaa koti moja mwaka mzima na aliyefuta ubao kwa kiganja. Swali lilikuwa uwanja wa mbio: mstatili, na nusu duara kila mwisho, tafuta urefu wa ukingo wake. Nilikuwa nimelikaribisha swali lile kama rafiki. Karatasi yangu ilirudi na mbili juu ya kumi. Nilinyoosha mkono, nikasema kwa hasira kwamba amekosea kusahihisha. Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Alinipa chaki, akanionyesha ubao.

"Kuya ku tableau, Mado. Chora uwanja." Nikachora. "Sasa weye uko mwenye kukimbia. Kimbia ku mupaka, usiinue chaki."

Nikapitisha chaki: mstari mrefu wa juu, nikazunguka nusu duara, mstari mrefu wa chini, nikazunguka nusu duara nyingine, nikarudi nilipoanzia.

"Muzuri. Ulipita apa?" Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa katikati, pale mstatili unapokutana na nusu duara.

"Hapana, Monsieur."

"Na kule ingine?"

"Hapana."

"Basi juu ya nini ulibihesabia? Hiyo mistari mbili iko mu ndani. Hapo ndipo vipande vimeshikana. Ukingo haupiti pale."

Nilisimama na chaki mkononi. Mita moja huku, mita moja kule. Tisa na kumi na nne, toa mbili. Mita saba na sentimita kumi na nne. Na frange ilikuwa saba na nusu. Itatosha na itabaki kidogo, kama alivyosema mtawa, kama alivyosema yaya Feli akiwa ameinamia sindano. Machozi yalinitoka mbele ya wote, na Monsieur Kasongo, mtu mwema, alidhani ni kwa sababu ya alama. Akanigusa bega, akasema, "Ni pointi tu, mutoto. Utabirudisha."

Sikuingia kipindi kilichofuata. Nilikimbia hadi karakana, nikafunga mlango, nikatoa vile vipande vitatu ukutani na kuvilaza kwenye saruji, ukingo kwa ukingo. Nikachukua uzi mweusi. Nilifanya kama nilivyomwona akifanya mara mia, nikikandamiza kwa kidole gumba kwenye mipindo, nikiweka vidonge vya uzi juu usiteleze. Ilichukua dakika chache tu. Nilipounyoosha kando ya utepe ukafika mita saba na sentimita kama kumi na tano. Nilikaa sakafuni katikati ya karatasi zile hadi magoti yakafa ganzi. Dakika moja tu, alikuwa ameomba.

Jumamosi nilikwenda Kasungami kwa miguu. Ilikuwa baridi ya mwezi wa sita, vumbi jekundu, bustani za mboga zikimwagiwa maji kwa makopo. Nilimkuta akipalilia tuta la lengalenga, mchicha wetu, kitambaa kichwani, binti yake ameketi pembeni akichambua maharage. Binti aliponiona aliingia ndani. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima, lakini nilichotoa ni hesabu: nilimweleza juu ya mistari miwili ya ndani, mita moja na mita moja, haraka haraka, kama anayejibu mtihani. Aliniacha nimalize. Akapigapiga jembe kuondoa udongo.

"Mado, miye nilijua kama inatosha. Hujaniletea habari mupya," akasema. "Nikuulize kimoja. Siku ile nilisema nipime na uzi. Ulikuwa unajua kama uzi hauna bongo, haudanganyi mutu?"

Ningeweza kusema sikujua. Umri wangu ungenitetea. "Nilijua," nikamjibu. "Niliogopa uzi unishinde mbele yao."

Nadhani ndilo jibu pekee zuri nililolitoa mwaka ule. "Basi," akasema, "si miye wa kuambia. Uende uambie bale bamama. Na usiende kuangukia magoti yao, nenda na uzi."

Kesho yake, baada ya misa ya pili, kamati ilikutana katika chumba cha nyuma ya kanisa, chumba chenye harufu ya mishumaa iliyozimwa na mabenchi yasiyo na migongo. Niliingia bila kuitwa, na zile karatasi zimekunjwa kwapani. Mama Prezidenti aliniambia kwa upole, "Mutoto, tutasema na Mama Klemansi akirudia." Nikasema haiwezi kungoja. Nikasema hesabu yangu ilikuwa ya uongo. Nikatandaza vipande sakafuni, nikaanza kulaza uzi, lakini mikono ilinishinda. Kila nilipofika kwenye mpindo, mwanzo wa uzi ulihama. Hapo nikaona kitenge kipya kikishuka kando yangu. Mama Prezidenti alikuwa amepiga magoti kwenye saruji. Aliuweka uzi chini ya kidole chake na kuushikilia. "Endelea," akasema.

Tukazunguka umbo lote, yeye na mimi, kwa magoti. Kisha akaagiza roli ya frange iletwe kutoka kabatini, akaulaza uzi kando yake mwenyewe. Frange ilibaki, zaidi ya shubiri moja. Yule aliyetaja gauni la komunyo alikuwa akitazama mikono yake. Nilingoja kugombezwa, nami ningefurahi. Lakini Mama Prezidenti aliinuka, akapangusa vumbi kwenye magoti, akasema, "Twende." Wakauliza wapi. "Kwa Feli. Sisi wote. Sasa."

Tukatembea wanawake tisa na mimi, wakiwa bado na nguo zao za misa, viatu vyao vizuri vikiwa vyekundu kwa vumbi kabla hatujafika nusu ya njia. Majirani walitoka kuangalia. Yaya Feli alikuwa mlangoni. Nafikiri alitusikia tangu mbali. Mama Prezidenti hakusubiri kukaribishwa wala kupewa kiti. Alisimama katikati ya uwanja, akapaza sauti ili ifike hadi kwenye nyua za jirani. "Feli, nilikuita mwizi mbele ya bantu. Leo mbele ya bantu ninasema: nilikosa. Uliomba dakika moja, nikakunyima."

Jogoo alipita kati yao. Nilidhani yaya Feli atalia, au atatufukuza, na nisingemlaumu. Mwishowe akasema, "Mutoto wangu arudie ku mustari yake ya maua. Hapo njo nitashona."

Akashona. Msichana wake alitembea mbele kabisa, na kikapu kikubwa kuliko kifua chake. Kitambaa kilikaa juu ya meza katikati ya barabara, frange ikitikisika kidogo kwa upepo wa baridi, na mishono kwenye mipindo ilikuwa laini kiasi kwamba hukuweza kuona ilikoanzia. Mama Klemansi alirudi kutoka Lukafu akiwa amenyolewa nywele, amemzika mama yake, na ilibidi nimweleze yote akiwa bado na vumbi la safari. Hakunipiga, hakunifukuza. Alisema, "Ulisema kwa nguvu kitu ulikuwa hujapima," kisha akanipa mashati ya kutoboa matundu ya vifungo kwa mwezi mzima. Alimwomba yaya Feli arudi kazini. Alikwenda mara mbili kumwomba. Yaya Feli alimshukuru, akakataa, akatafuta cherehani yake mwenyewe na kuiweka mlangoni kwake Kasungami. Kiti kile cha mlangoni Bel-Air kilikaa chini ya cherehani mwaka wote, na kila nilipokula nilikiona. Watu hupenda kusema mambo yakisahihishwa yanakuwa kama hayakutokea. Mimi nimesahihisha daftari kwa miaka mingi, na ninajua kalamu nyekundu haifuti kilichoandikwa chini yake.

Lakini mwaka ule ulikuwa na siku moja zaidi. Mvua zilikuwa zimeanza, nilikuwa nimefaulu darasa, nikaenda Kasungami kumwambia. Nilikuwa nimezoea kwenda Jumapili, nikikaa pembeni, nikichomoa nyuzi za mishono ya muda, tukizungumza kidogo tu. Siku hiyo aliweka mbele yangu kipande cha kitambaa cheupe. Jirani alikuwa amejifungua, naye alitaka kumshonea mtoto bavete, kile kitambaa cha kifuani cha kuzuia mate. "Nifundishe ile hesabu yako," akasema. "Ile ya kweli." Nikachora mchangani kwa kijiti: chini nusu duara ya upana wa sentimita ishirini, pembeni sentimita kumi na mbili kila upande, mabega sentimita tano tano, na shingoni nusu duara ndogo ya upana wa sentimita kumi, inayoingia ndani.

"Hii ya shingo inaingia mu ndani," akasema akinichunguza. "Tuihesabie, tusiihesabie?"

"Tunaihesabu, yaya. Inaingia, lakini bado ni ukingo. Kidole kinapita pale."

Alipitisha kidole, akakubali. Tukajumlisha pamoja, yeye akishika namba kwa vidole: thelathini na moja na nusu kasoro kidogo, ishirini na nne, kumi, kumi na tano na zaidi. Themanini na moja. Akachukua uzi, akauzungusha taratibu, akaunyoosha kwenye utepe. Themanini na moja. Akaniambia nikate utepe wa kupambia ukingo mimi mwenyewe, kipimo hichohicho, na nilikata kwa mkasi wake, kwa fahari kubwa, bila kuongeza hata kidogo. Akashona kuzunguka. Utepe ulikutana na mwanzo wake kikamilifu, nami nikapiga makofi.

Yeye hakupiga makofi. Aliinua kile kitambaa, akakiweka shingoni mwangu, akashika pembe mbili nyuma ya kisogo changu. Kisha akaziachia. Kikaanguka mapajani. Akakiweka tena, akaachia tena, kikaanguka tena.

"Hesabu yako iko ya kweli kabisa," akasema. "Na kamba za kufunga?"

Utepe wote ulikuwa umeishia kwenye ukingo; sikuwa nimeacha hata kidogo cha kufungia. Pembe za mdomo wake zilikuwa zikitetemeka. Alikuwa ameliona tangu nilipokuwa nachora, akaniacha nikate. Akaanza kucheka, kwanza puani, kisha kwa mwili wote, akashika ukingo wa cherehani asianguke, hadi binti yake akatoka ndani kuuliza kuna nini, na mimi nikacheka nikilia, na hakuna kati yetu aliyeweza kumweleza.